Riwaya Haichangiwi Kama Harusi

Katika toleo lililotangulia la jarida letu, mwalimu mwenzetu mmoja alitutaka sote tukubali kukatwa kiasi fulani katika ada zetu za mwaka, ili uwepo mfuko wa kuwasaidia waandishi wapya wa riwaya za Kiswahili hapa Uganda. Hoja yake ilipambwa kwa lugha tamu, na najua kwamba wengi waliisoma wakaikubali. Alisema kwamba mwandishi mpya hana mtaji. Kwamba wachapishaji hawaitaki riwaya isiyokuwa kitabu cha mtihani. Na kwamba jadi yetu ni kuchangiana. Yote matatu ni kweli. Lakini hitimisho alilolifikia silo, na endapo mkutano wetu mkuu utalipitisha, tutakuwa tumeizika riwaya ya Kiswahili katika nchi hii kwa heshima zote, tena kwa kamati, mwenyekiti na mtunza hazina.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nimepata kuwa mtunza hazina wa namna hiyo.

Miaka saba iliyopita mwalimu mmoja wa shule yetu alimaliza kuandika riwaya. Jina lake silitaji, kwani hajaniruhusu. Mswada ulikuwa umeandikwa kwa mkono katika madaftari sita ya wanafunzi, na hati yake ilikuwa safi kuliko ile tunayoiandika ubaoni. Tulifurahi, tukafanya lile tulijualo: tuliunda kamati. Kadi za ahadi zikachapwa, zile zile zichapwazo kwa ajili ya harusi, ila pale pa picha ya bwana na bibi arusi pakatiwa picha ya kitabu kilichofunuliwa. Tulikutana Ijumaa tano mfululizo, tukatafuna karanga na kunywa soda, kila mmoja akisimama kutaja ahadi yake mbele ya wenzake na kupigiwa makofi. Mkuu wa shule akaahidi nyingi kupita wote, kama ilivyo ada. Pesa zikaja kwa simu, nami nikaziandika. Walimu 73 walichanga. Matbaa ikalipwa, nakala 300 zikatoka, kitabu kikazinduliwa, keki ikakatwa.

Daftari la hesabu ninalo hata leo. Keki imo. Hema limo. Kipaza sauti kimo. Mhariri hamo.

Baada ya miaka miwili niliwauliza walimu kumi, mmoja mmoja, katika chumba cha walimu, swali jepesi: mama yake yule msichana wa katika riwaya aliondoka nyumbani kwa sababu gani? Jambo hilo limeelezwa katika sura ya kwanza, na mtu aliyeisoma hawezi kulisahau. Mmoja alijibu kwamba mama huyo alikufa, jambo ambalo halimo kitabuni. Mmoja alicheka. Wanane waliobaki waliniambia kwamba kitabu wanacho. Na kwa hakika walikuwa nacho. Katika nyumba tatu nimekiona kwa macho yangu mwenyewe, kimesimama kabatini karibu na vikombe vya wageni, jalada linang'aa kama siku kilipotoka matbaani.

Aliyekisoma ni mtu mwingine kabisa. Mlinzi wetu wa usiku, mzee aliyepata kuwa askari jeshi na ambaye Kiswahili alikipatia kambini, aliokota nakala iliyosahauliwa juu ya dawati. Aliisoma kwa mwanga wa tochi usiku mbili. Asubuhi ya pili yake alinizuia langoni, akaniuliza kwa ukali kidogo, kama mtu anayedai haki yake: "Mwalimu, yule dereva amemwacha msichana pale Malaba, kisha ikawaje? Kitabu cha pili kiko wapi?" Mzee huyo hakuchanga hata senti moja. Hakuna aliyempelekea kadi.

Na mwandishi mwenyewe? Hakudaiwa na mtu, kwani gharama zote zililipwa. Lakini hakupokea barua hata moja, wala lawama hata moja. Siku ya uzinduzi alisifiwa na wasemaji kumi na wanne kwa zamu, na katika wote hao hapana aliyetaja jambo lolote lililomo ndani ya kitabu. Tangu siku ile akaacha kuandika. Sisi tulidhani amechoka, au mshahara umemlemea. Mimi naamini kwamba alijua. Mtu aliyeandika kurasa 200 anaelewa upesi sana tofauti ya makofi na usomaji.

Sina neno juu ya michango ya harusi. Hiyo ina mantiki yake, na ni mantiki nzuri: leo nakupa wewe, kesho wanipa mimi, na harusi haitaki kwa mgeni jambo lolote zaidi ya kuja, kula na kumtakia bibi arusi heri. Mchangaji hutoa kwa ajili ya uso wa mtu, na akishatoa amemaliza. Hesabu imefungwa. Hapo ndipo riwaya inapopotea, maana riwaya huanza palepale ambapo mchangaji amekwisha maliza. Mtu anayenunua kitabu kabla hakijachapwa hafanani naye hata kidogo, ingawa huenda wote wawili wametoa kiasi kilekile kwa simu ileile siku ileile. Huyu wa pili ni mdai. Anadai kitabu, anakidai kwa tarehe, na kitakapokuja kikawa kibovu atanung'unika, kwa kuwa alitoa pesa kwa ajili ya hadithi, hakutoa kwa ajili ya rafiki. Mwandishi mpya anawahitaji wadai hao kuliko anavyohitaji pesa zao.

Mwenzetu alitoa mfano wa Marekani, akataja mwandishi aitwaye Brandon Sanderson, ambaye mwezi wa Machi mwaka 2022 alikusanya zaidi ya dola milioni 41 kutoka kwa watu zaidi ya 180,000, kwa ajili ya riwaya nne, kwa kupitia jukwaa la mtandaoni liitwalo Kickstarter. "Tazameni," aliandika mwenzetu, "uwezo wa mchango!" Nimetazama. Riwaya ya kwanza ya Sanderson ilitoka mwaka 2005. Kwa hiyo miaka 17 ilikuwa imepita, mtu huyo akitoa kitabu baada ya kitabu, na wasomaji wake wakimfuata mwaka hadi mwaka. Tena riwaya zote nne zilikuwa zimekwisha kuandikwa siku alipoitangaza habari yake. Wale watu hawakumchangia kijana asiyejulikana ili awe mwandishi; walinunua vitabu vya mtu wanayemsoma. Kuleta mfano huo kwetu ni kumwonyesha mtu mwembe uliozaa, ukamwambia kwamba siri ni kuchuma.

Naongeza neno dogo juu ya jukwaa hilo. Katika orodha ya nchi ambazo wakazi wake huruhusiwa kuanzisha miradi humo, haimo hata moja ya Afrika Mashariki. Mlango huo basi tuuache. Lakini kuna kanuni yake moja ambayo ingefaa tuiige: fungu lililokusudiwa lisipotimia kwa siku zilizowekwa, hapana anayekatwa pesa.

Kuna mfano mwingine ambao mwenzetu hakuutaja, nao wafaa zaidi kwa wanaopenda kuanzisha mifuko. Mjini London kampuni ya uchapishaji iitwayo Unbound ilianza kazi mwaka 2011. Waanzilishi wake watatu walikuwa watu wa kalamu. Mpango wao ulikuwa mzuri: mwandishi anaeleza kitabu chake, wasomaji wanalipa mapema, fungu likitimia kitabu kinachapwa, na majina ya waliolipa yanapigwa chapa ndani yake. Vitabu vyema vilipatikana kwa njia hiyo. Riwaya ya Paul Kingsnorth iitwayo The Wake iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya Booker mwaka 2014. Hata hivyo, mnamo Machi 2025 kampuni hiyo ilishindwa kuendelea ikawekwa chini ya wafilisi, waandishi wakiwa wanaidai pesa zao, na kampuni iliyozirithi kazi zake nayo ikaanguka mwaka huohuo. Wako waliolipia vitabu wasivyovipata. Kosa halikuwa kuuza mapema. Kosa ni kwamba pesa ya kitabu fulani iliyoingia katika kapu la jumla haijui tena kuwa ni ya kitabu gani. Hulipa kodi ya nyumba, hulipa mshahara, hulipa deni la jana. Mfuko tunaopendekezewa sisi ni kapu la namna hiyohiyo, isipokuwa kwamba letu halitakuwa hata na mhasibu.

Nikitakiwa mfano, mimi nitauchukua wa mtu wetu, Mwafrika aliyeuzwa utumwani. Olaudah Equiano alichapisha habari za maisha yake mjini London mwaka 1789. Kilikuwa kitabu cha maisha yake, hakikuwa riwaya, lakini matatizo ya matbaa hayabagui. Hakuiuza haki ya kitabu chake kwa mwenye duka la vitabu, kama walivyofanya waandishi wengi wa siku zile kwa malipo ya mara moja. Aliandikisha wanunuzi kabla. Watu 311 walijiandikisha, na majina yao yakachapwa mwanzoni mwa kitabu. Sifa za orodha hiyo husemwa sana, kwa kuwa mwana wa mfalme wa Uingereza alikuwamo; lakini mimi hunivutia zaidi jambo lililofuata. Equiano hakuketi. Alifunga safari kwenda miji ya Uingereza, Uskoti na Ireland, akisimama mbele ya watu, akieleza, akibishana na waliomwita mwongo, akiuza. Hadi mwaka 1794 kitabu kilikuwa kimechapwa mara tisa, na kila chapa iliyofuata ilikuta wasomaji waliokwisha kusikia habari za ile iliyotangulia. Hakuna mtu aliyemnunulia Equiano keki.

Tukirudi kwenye fasihi yetu, hali ni hiyohiyo. Kabla vitabu vya Shaaban Robert havijaingia madarasani, mashairi yake yalikuwa yakisomwa katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na kuwafikia walimu, makarani na wakulima waliojua kusoma. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, hakungoja kamati; alianzisha shirika lake mwenyewe la uchapishaji, Heko, na wasomaji wakamfuata mpelelezi wake Joram Kiango kutoka kitabu hadi kitabu. Eric Shigongo naye alijijengea jina kwa hadithi za kuendelea katika magazeti, ambazo watu walizingoja kila juma kama wanavyongoja matokeo ya mpira, ndipo zikauzwa kama vitabu. Wako walimu wanaozikunjia pua hadithi hizo. Wazikunjie, mradi wakumbuke kwamba mwandishi ambaye watu 5 wanamngoja ana mtaji kuliko yule ambaye watu 73 wamemchangia.

Sasa nauliza: wasomaji hao kwetu Uganda ni akina nani, na wako wapi? Swali hili mwenzetu hakuligusa kabisa, na katika mazungumzo yetu ya kila siku sisi walimu hulijibu upesi mno: ni wanafunzi. Kiswahili kilitajwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi tunadhani wasomaji watakuja wenyewe wakiwa wamevaa sare. Nami nimefundisha miaka mingi vya kutosha kujua kwamba mwanafunzi anayesoma riwaya kwa ajili ya mtihani huifunga siku ya mtihani. Wachache hubaki. Hao wachache ni wetu, na ni furaha ya kazi yetu, lakini hawatoshi kulipia hata rangi ya jalada.

Wasomaji wengine wapo, nasi tumewaonea haya. Kwa miaka mingi katika nchi hii Kiswahili kilisemwa kuwa lugha ya askari na wezi. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973, iliyokifanya lugha ya taifa, haikukisafisha jina, bali ilizidi kulichafua. Sisi walimu tumejitahidi sana kukivika suti. Tumefanya vizuri. Lakini katika kukivika suti tumewasahau waliokitunza siku zote kikiwa hakina shati: askari waliostaafu, madereva wa malori, wachuuzi wa Busia, Malaba na Mutukula, akina mama wanaouza nguo Arua, mafundi waliofanya kazi Nairobi wakarudi. Wengi wao wanasoma. Wanasoma gazeti lililofungiwa sukari, wanasoma Biblia na Kurani kwa tafsiri, wanasoma hadithi zinazotumwa kwa simu vipande vipande. Mlinzi wetu ni mmoja wao. Riwaya ya mwenzetu ilikuwa inawahusu watu hao hasa, dereva na msichana wa mpakani, na kamati yetu haikufikiria hata siku moja kupeleka nakala kumi Malaba.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba kuuza kitabu ambacho hakijachapwa ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Basi gunia na lifunguliwe! Mwandishi mpya atoe sura mbili tatu bure: zichapwe katika jarida hili, ambalo kurasa zake nyingi siku hizi hujazwa picha za semina, zisomwe kwa sauti darasani na katika vyama vya Kiswahili vya shule, zitumwe kwa simu kwa yeyote azitakaye. Watu wakiuliza "kisha ikawaje," ndipo daftari la wanunuzi lifunguliwe. Wasipouliza, mwandishi amepata habari yenye thamani kubwa kwa gharama ya karatasi chache, naye atarudi kwenye mswada wake bila ya kumwaibisha mtu.

Nitaambiwa pia kwamba mwalimu kuzunguka akiandikisha wanunuzi ni kuombaomba. Neno hili linaniudhi. Mwenye kuombaomba ni yule anayeletewa pesa bila ya kuulizwa kitu, na hilo ndilo mfuko unaopendekezwa unalotaka kumfanyia mwandishi. Muuza ndizi hatumwiti ombaomba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Naitoa kama mfano tu, kila mtu aiseti upya kwa bei za matbaa ya mji wake. Tuseme nakala moja itauzwa shilingi 20,000, na mnunuzi anaandikishwa kwa kulipa nusu. Wanunuzi 300 wataleta shilingi milioni 3. Katika hizo alipwe kwanza mhariri, kisha mpanga kurasa, kisha matbaa, na kama hazitoshi ijulikane kabla ya siku ya kuzindua. Pesa zishikwe na mtu asiyekuwa mwandishi wala ndugu yake, ziandikwe kwa jina la kitabu hicho peke yake, na makato ya kutoa pesa kwenye simu yahesabiwe mapema, kwani ndiyo yaliyonitoboa mimi mfukoni mara ya kwanza. Iwekwe tarehe. Wakipatikana 90 badala ya 300, kila mtu arudishiwe chake, au waulizwe kama wako radhi kungoja. Nusu ya pili italipwa kitabu kikishafika mkononi. Chama kinaweza kufanya nini? Kinaweza kumpa mwandishi mhariri mzuri, kinaweza kumpa kurasa za jarida, kinaweza kumshika mkono matawi yake yote yakaandikisha wanunuzi. Kila mwanachama anaweza kununua nakala yake kwa hiari, akaisoma, kisha akaandika hapa mistari kumi ya kusema ameona nini, hata kama ameona ubovu. Hasa kama ameona ubovu. Haya yote hayahitaji kukata ada ya mtu.

Kwa hiyo naomba pendekezo la mfuko likataliwe katika mkutano mkuu, nami nitasimama kulipinga hata nikiwa peke yangu.

Mwezi uliopita nilimweleza mwandishi yule habari za mlinzi na swali lake la langoni. Nilikuwa nimemficha miaka yote hiyo, kwa haya ya kumwambia kwamba katika nakala 300 nilikuwa na hakika ya msomaji mmoja. Alinyamaza kitambo. Kesho yake aliniletea madaftari mawili, yamechakaa pembeni, akasema yamekaa sandukuni. Ni mwanzo wa kitabu cha pili. Msichana bado yuko Malaba. Nilikwenda langoni jioni ile nikiwa na daftari jipya la wanunuzi, nikamwomba mzee awe wa kwanza kujiandikisha. Alikataa. Alisema hatoi shilingi yake mpaka asome sura ya kwanza. Nimempa madaftari, na ninangoja.